Antena, betri na namba ya kifuani

Kila mbio za hisani zikikaribia, klabu ya redio ya ridhaa, yaani ya watu wenye leseni wanaotuma na kupokea kwa redio kwa kupenda tu, huulizwa swali lile lile: simu zipo kila mfuko, redio za nini? Jibu la haraka ni kwamba mtandao huzidiwa watu elfu kadhaa wakikusanyika uwanja mmoja na kila mtu anarusha video. Ni kweli, ila mimi siioni kama sababu kubwa. Simu huzungumza na mtu mmoja. Dereva wa ambulansi akipigiwa kwamba njia imezibwa na lori, mwenye meza ya maji kilomita ya 14 hajui, na gari la kufagia linalofuata mkimbiaji wa mwisho nalo halijui. Redioni maneno yakisemwa mara moja yamesikika na wote, na maswali mengi yanakufa kabla hayajaulizwa.

Kwa hiyo tukipanga vituo vya nusu marathoni hatuanzi na ramani ya milima. Tunaanza na nani lazima asikie. Kilomita 21.1 zinahitaji kituo kiongozi kinachoongoza mazungumzo redioni, mtu mmoja kwenye mstari wa kuanzia na kumalizia, mmoja kila meza ya maji, mmoja kwenye hema la huduma ya kwanza, mmoja ndani ya ambulansi, mmoja ndani ya gari la kufagia. Halafu yupo yule anayesahauliwa mara nyingi: wa kumfuata mkurugenzi wa mbio hatua kwa hatua kama kivuli chake. Mkurugenzi ndiye mwenye kuamua, na saa ya shida hapatikani kwenye kiti chake. Klabu ikipungukiwa na watu, ni heri kuacha meza ya maji moja bila redio kuliko kumwacha yeye.

Hapa ndipo waandaaji huomba lisilowezekana: "Tuachieni tu redio kumi, vijana wetu watazitumia." Haifai. Leseni ni ya mtu, si ya kifaa. Hutolewa na mamlaka ya mawasiliano, Kenya ni CA, Tanzania TCRA, Uganda UCC, na aliyepewa ndiye anayebeba alama ya wito, yaani jina lake la hewani: huanza na 5Z kwa Kenya, 5H kwa Tanzania, 5X kwa Uganda. Mwongoza njia asiye na leseni anaweza kusimama kando ya mwanachama na kumwambia la kutuma, lakini mwenye kusimamia redio ni mwanachama. Kama shida ni walinzi wa geti na wa maegesho kuwasiliana, wakodi simu za upepo za kibiashara zenye kibali chake. Redio ya ridhaa haifanyiwi malipo, na klabu ikikubali kugeuzwa kampuni ya ulinzi ya bure, wanachama huanza kutoweka mmoja mmoja.

Kanuni nyingine inagusa wagonjwa moja kwa moja. Kanuni za Redio za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, zinakataza mawasiliano ya ridhaa kati ya nchi kufichwa kwa msimbo, na ndivyo wengi wetu tunavyofanya kazi hata ndani ya nchi: yeyote mwenye kipokezi anasikia. Basi jina la aliyeanguka halitajwi hewani. Linatajwa namba ya kifuani: "Mkimbiaji moja mbili tano tatu, kilomita kumi na moja, amekaa chini, anaongea, anahitaji ambulansi." Kwenye hema la huduma ya kwanza pawe na orodha iliyochapishwa yenye namba, jina na simu ya ndugu. Orodha hiyo ikibaki kwenye kompyuta ya mtu aliye nyumbani, namba haina faida.

Namba zenyewe zina mtego. Tatu na tano zinaanza sawa na kukaribiana kiasi kwamba mkwaruzo kidogo tu unazifanya moja. Sita na saba nazo zinaanzia mahali pamoja. Dawa ni kutaja tarakimu mojamoja, si "elfu moja mia mbili hamsini na tatu", na anayepokea airudishe namba yote kama alivyoisikia. Mawimbi yakiwa mabaya, wengine huhesabu: "Tano: moja, mbili, tatu, nne, tano." Inachosha masikio, lakini ambulansi inakwenda kwa mtu anayestahili.

Saa ni mtego mkubwa zaidi, na sisi waswahili tumejitengenezea wenyewe. Anayesema "saa nane" anamaanisha 14:00. Anayeandika, hasa akiwa ametoka kazini anakotumia saa za kizungu, anaandika 08:00. Daftari likija kusomwa baadaye, mkimbiaji aliondolewa njiani kabla hajafika. Tumeweka sharti kwamba redioni na daftarini hutumika mfumo wa saa 24, tarakimu nne, zikisomwa mojamoja: sifuri nane tatu sifuri. Saa ni ya Afrika Mashariki. UTC, saa ya kimataifa ambayo iko nyuma kwa saa 3, tunaiachia redio za HF, zile za kufika mbali, na saa inayotumika imeandikwa kwa herufi kubwa juu ya ukurasa ili isichanganywe. Penseli ni bora kuliko kalamu ya wino, kwa kuwa karatasi ikilowa penseli bado inaandika.

Kuhusu mdomo, yapo mawili yanayoharibu kazi kuliko mlima wowote. La kwanza ni kubonyeza na kusema kwa pamoja. Ripita, kituo kinachopokea sauti na kuirusha upya mbali zaidi, huchukua muda mfupi kufunguka, hasa ikiwa inasubiri toni ya CTCSS, mlio wa chini unaoifungua, kwa hiyo neno la kwanza linakatwa. Na neno la kwanza mara nyingi ndilo jina la unayemwita! Bonyeza, subiri sekunde moja, kisha sema. La pili ni kudhani kwamba ulichotuma kimefika. FM, namna ya kurusha sauti ya redio hizi za mkononi, ina tabia yake: wawili wakituma kwa wakati mmoja kwenye masafa (frikwensi) yale yale, mwenye nguvu zaidi ndiye anayesikika, na mnyonge hupotea bila hata mlio. Yeye mwenyewe hajui. Anaachia kitufe akiwa ameridhika. Ndiyo maana taarifa isiyorudishwa huhesabiwa haikutumwa. Na "roja" maana yake nimesikia, basi. Haina maana ya nakubali wala nitafanya.

Antena ya kituo kiongozi haihitaji fedha. Kwa bendi ya mita 2, yaani masafa ya 144 hadi 146 MHz, soketi ya kebo ya antena aina ya SO-239 yenye matundu manne ya skrubu inatosha kuwa moyo wake. Lehemu kipande cha waya mgumu wa shaba cha sentimita 49 katikati, kisimame wima. Kwenye matundu manne funga vipande vya sentimita 51 hivi, uvikunje kushuka chini kwa nyuzi 45. Mkunjo huo si urembo: vikilala sawa na ardhi, antena hutoa takriban omu 36, na ukivishusha inakaribia omu 50 ambazo kebo na redio vinataka. Ikiwa juu ya nguzo ya mita 9, na redio ya mkononi iko mita 1.5 kutoka ardhini, upeo wa macho ya redio hufika kama kilomita 17 penye uwanda. Redio mbili za mkononi zenyewe kwa zenyewe hazivuki 10 hata kwa hesabu, na mjini, katikati ya majengo na miti, tukipata 2 au 3 tunashukuru. Redio ikining'inia mkandani mwili hunyonya nguvu zake. Wakati wa kutuma na kusikiliza iinuliwe hadi usawa wa uso, antena ikiwa wima.

Wengi hununua antena nzuri, halafu wanaishusha kwa kebo nyembamba. Kebo nyembamba ya RG-58 ya mita 20 kwenye 145 MHz hupoteza karibu desibeli 4. Ukiingiza wati 50, juu zinafika 20 tu. RG-213, iliyo nene, ya urefu huo huo hupoteza chini ya desibeli 2. Kwenye 7 MHz hiyo RG-58 haina neno, hupoteza chini ya desibeli moja, kwa hiyo isitupwe. Ihamishiwe kwenye kazi yake. Plagi za PL-259 zilizo ncha za kebo zipimwe kwa mita kabla ya siku ya kazi: katikati hadi katikati isome karibu sifuri, katikati hadi ganda isisome kitu, na kebo itikiswe wakati wa kupima. Plagi iliyolehemiwa kwa joto dogo huweza kuonekana nzima mezani na kukatika ikivutwa. Maungio ya nje yafungwe tepu ya umeme kuanzia chini kwenda juu, maana maji yakishaingia kwenye wavu wa kebo hutambaa ndani kwa mita kadhaa, na kebo hiyo haikauki.

Umeme ndio unaotuaibisha zaidi. Redio ya HF ya wati 100 hula ampea 20 hivi inapotuma, na kama 1.2 inaposikiliza. Chukua betri ya volti 12.4 na waya wa milimita 2.5 za mraba, ule wa soketi za nyumbani, wenye urefu wa mita 5. Mkondo huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 10 za shaba, karibu omu 0.07. Kwa ampea 20 volti 1.4 zimepotelea njiani. Redioni zinafika 11.0, na redio nyingi hapo huzima au sauti inakuwa ya kukwaruza. Mtumaji hulaumu betri, anakwenda kununua nyingine, na tatizo linabaki pale pale. Leta betri karibu: mita 2 za waya wa milimita 6 za mraba hupoteza robo ya volti tu. Fyuzi iwekwe upande wa betri, kwenye chanya na hasi zote mbili, kwa sababu kinachowaka moto ni waya uliogusana na si redio.

Ukubwa wa betri unahesabika. Sauti ya SSB, namna ya kurusha sauti kwenye HF, haivuti ampea 20 muda wote. Wastani wa 10 unatosha kukadiria. Ukituma asilimia 15 ya muda na kusikiliza unaobaki, unakula kama ampea 2.5. Saa 8 ni ampea-saa 20. Betri ya risasi na asidi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo inatakiwa ya 40 au zaidi. Paneli ya jua husaidia, ila kidhibiti chake cha chaji cha bei rahisi hunguruma kwenye kipokezi kuliko radi. Kukipima ni rahisi: chomoa paneli, sikiliza kama mngurumo umeondoka. Inveta na taa za LED nazo zipimwe hivyo hivyo, moja moja.

HF hatuitumii kwenye mbio; tunaifanyia mazoezi kwa ajili ya siku ambayo barabara haipo. Masika ya 2024 yaliikata barabara ya Garissa karibu na Madogo, na umbali wa Nairobi hadi Garissa, karibu kilomita 370 kwa barabara, ndio hasa unaofaa antena inayorusha mawimbi juu yarudi karibu. Kwa hili antena ya chini ni sifa: waya wenye urefu wa nusu ya wimbi ukiwa mita 6 hadi 8 kutoka ardhini. Gawanya 142.65 kwa masafa ya MHz, kwa 7.110, ambayo ni mojawapo ya masafa ya kukutania wakati wa dharura katika Kanda ya 1 ya ITU, yenye Afrika na Ulaya, unapata mita 20.06, yaani 10.03 kila upande. Kata mita 10.30 kila upande, kisha punguza. Sentimita 10 kila upande husogeza masafa ambayo waya unaitikia kwa takriban kHz 70, na waya wenye ganda la plastiki huhitaji kuwa mfupi kidogo kuliko hesabu. SWR, kipimo cha nguvu zinazorudishwa na antena, ikishuka chini ya 1.5, acha kukata. Kupitisha kamba juu ya mti, manati na mshipi wa kuvulia wenye chubwi vinashinda ngazi. Mchana 7.110 hubeba, kabla ya alfajiri mbingu hulegea na mawimbi hupita moja kwa moja kwenda angani, basi shuka 3.760, ambayo inataka karibu mita 19 kila upande. Kikundi kisichokubaliana mapema saa ya kuhama kitatafutana hadi jua lichomoze.

Mazoezi mazuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ni JOTA, jamboree ya maskauti hewani, wikiendi ya tatu ya Oktoba. Ilianza rasmi 1958, wazo likiwa la Mwingereza Les Mitchell, na kwetu ina uzito wake kwa kuwa Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, amezikwa Nyeri. Mtoto wa miaka kumi akipewa maikrofoni ananyamaza kabisa, kwa hiyo mpe karatasi yenye maswali matatu: unaitwa nani, uko wapi, hali ya hewa ikoje. Mwanachama akae mkono ukiwa karibu na kitufe. Anayeweza kuendesha meza ya maskauti thelathini wenye zamu fupi, kelele nyuma na betri inayoshuka, kituo kiongozi cha mbio hakimsumbui.

Mbio zikiisha, gari la kufagia ndilo la mwisho kuruhusiwa kufunga redio, na haliruhusiwi mpaka hema la huduma ya kwanza lithibitishe hesabu ya waliochukuliwa njiani. Betri zichajiwe usiku huo huo. Ya risasi ikilala tupu wiki moja huanza kufa. Kebo zizungushwe kwa duara pana. Iliyoleta shida ifungwe tepu nyekundu pale pale ilipofunguliwa na kuandikwa kasoro yake, "ganda limelegea upande wa redio", kabla haijarudi kwenye boksi na nyingine.