Ukuta wa Kukwea Uani na Habari ya Kushuka

Leo ni Jumapili jioni, mikono yangu bado inanuka vanishi, na nimeona niyaandike ya wikendi hii kabla hayajachuja. Ukuta wa kukwea niliowajengea wanangu uani ulikuwa umetimiza wiki tatu, na jana mchana kitindamimba wangu, mwenye umri wa miaka mitano, aliuparamia mpaka juu kwa mara ya kwanza. Akaushika ukingo wa mwisho kwa mikono miwili, akapiga kelele za furaha, kisha akanyamaza. Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka hapo. Alijaribu kuinama atazame chini, lakini tumbo lake lilikuwa limegandana na ubao, akaurudisha uso wake ukutani na kusema kwa sauti ndogo sana: "Mama, siuoni mguu wangu."

Maneno hayo hayajanitoka masikioni. Wakati wote nilipokuwa nikichora, nikipima, nikitoboa na kupaka rangi, mawazo yangu yalielekea juu: watashika nini, watafika wapi, watafurahi kiasi gani wakifika. Mpanda ngazi hushuka, methali hiyo naijua tangu utotoni, lakini ngazi ina vidato vilivyoachana kwa nafasi sawa, na anayeshuka hana haja ya kuutazama mguu wake kwa kuwa mguu wenyewe unajua kidato kinachofuata kilipo. Kwenye ukuta wa kukwea mambo ni tofauti. Anayepanda huviona vishikio vilivyo mbele ya uso wake, akachagua. Anayeshuka huwa amevifunika vyote kwa mwili wake, na anachokitafuta kiko mahali ambapo macho hayafiki.

Nirudi nyuma kidogo nieleze ukuta wenyewe. Una mbao mbili za plaiwudi zenye unene wa milimita 18, kila moja ikiwa na upana wa mita 1.22 na urefu wa mita 2.44, zimesimamishwa bega kwa bega juu ya fremu ya mbao za mbili kwa nne zilizopangwa takriban kila baada ya sentimita 40, nayo fremu imefungwa kwa bolti kwenye nguzo tatu nene zilizozamishwa ardhini sentimita 75 na kumwagiwa zege. Sikuuinamisha mbele. Kuna wanaopenda ukuta unaoning'inia, na nakiri kwamba huvutia macho, lakini kuuinamisha kwa nyuzi 15 tu husogeza ukingo wa juu mbele kwa zaidi ya sentimita 60, na hapo uzito mwingi wa mwili huhamia kwenye vidole vya mikono. Mtoto wa miaka mitano anastahili kwanza kujifunza kuitegemea miguu yake, na ukuta uliosimama wima kwa timazi humfundisha hilo vizuri zaidi.

Kazi iliyonichosha kuliko zote ni mashimo. Kila ubao una mashimo 72 ya milimita 12, safu 6 kwa mistari 12, yaliyoachana kwa sentimita 20, na nyuma ya kila shimo imegongelewa nati ya meno, yaani ile yenye kola na meno yanayouma mbao ili isizunguke wakati bolti ya milimita 10 inapokazwa kutoka mbele. Ni lazima nati hizi ziingie kabla ubao haujapandishwa, kwa maana ukishafungwa kwenye fremu nyuma hakufikiki kirahisi. Nati iliyokaa sawa hulia kwa sauti nzito nyundo inapoigonga mara ya mwisho. Iliyopinda hulia kikavu. Moja ililia kikavu, nami nikaipuuza kwa sababu giza lilikuwa linaingia. Wiki moja baadaye niliposhika alenkii, yaani ufunguo wa kukazia bolti, kuikaza bolti ya mahali hapo, nati ilizunguka pamoja nayo bila kuuma popote, ikanibidi niufungue ubao mzima, skrubu baada ya skrubu, kwa ajili ya kipande cha chuma kinachotosha kwenye kiganja cha mtoto.

Kuhusu rangi sina mengi. Plaiwudi hunywa maji kwa kingo zake kuliko kwa uso wake, na ikishayanywa matabaka huachana, kwa hiyo kingo nimezipaka mara tatu, na kwenye rangi ya uso nimechanganya mchanga laini kidogo ili kiatu kisiteleze. Upande wa nyuma niliuziba kwa mbao nyembamba zinazoweza kufunguliwa, kwa sababu fremu iliyo wazi ni ngazi, na watoto wangeigundua kabla ya jua kutua.

Ardhi ndiyo iliyonipa mawazo mengi zaidi. Nilidhani nyasi zingetosha. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani, ambayo imeandika mwongozo wa viwanja vya michezo vya watoto, haihesabu nyasi wala udongo mtupu kuwa kinga ya mtu anayeanguka, na sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuona majani yanavyokwisha mahali watoto wanapochezea na udongo unavyoshindiliwa hadi ukawa kama sakafu. Kwa hesabu za mwongozo huo, vibanzi vya mbao vyenye kina cha sentimita 23 hukinga anguko la takriban mita 3, ilhali mchanga wa kina hicho hicho hukinga anguko la mita 1.2 tu. Tofauti hiyo ilinishangaza, kwani mchanga ndio niliokuwa nimeupanga. Kwa kuwa vibanzi hushuka kwa kiasi cha robo kadiri vinavyokanyagwa, nilianza na sentimita 30, nikavitandaza hadi mita 1.8 mbele na kila upande, na hesabu ikaja zaidi ya mita tatu za ujazo, ambazo tulizibeba kwa toroli mimi na kifungua mimba wangu wa miaka tisa siku nzima. Vibanzi vya mbao kuukuu nilivikataa moja kwa moja, maana mbao za zamani zilizotiwa dawa mara nyingi zilitiwa dawa yenye sumu ya aseniki, na hata Marekani dawa hiyo iliondolewa katika mbao za matumizi ya nyumbani mwishoni mwa mwaka 2003.

Kuna kipimo kimoja ambacho sasa siwezi kukisahau kila nionapo uzio au ngazi yenye uwazi. Nafasi iliyo kati ya takriban sentimita 9 na 23 inaweza kukinasa kichwa cha mtoto, kwa sababu kiwiliwili hupenya, miguu ikitangulia, kisha kichwa kinakwama. Ndiyo maana niliuacha mwanya wa sentimita 5 tu kati ya ubao na vibanzi: ubao usinyonye maji ya chini, na mwanya usimpitishe mtu. Kwa sababu kama hiyo, helmeti ya baiskeli haivaliwi ukutani, wala nguo yenye kamba shingoni, kwa kuwa kamba ikinasa kwenye kishikio mtoto hubaki akining'inia kwayo.

Basi nilikuwa nimefikiri juu ya kuanguka kwa kina kirefu hivyo, na bado nilikuwa sijafikiri juu ya kushuka. Naona sasa kwamba nilikuwa nimeyahesabu mambo haya mawili kuwa jambo moja.

Jana mwanangu alipokwama, miguu yake ilikuwa kama mita 1.2 kutoka chini. Kwa macho yangu hapo ni kifuani. Kwake hapo pamepita urefu wake mwenyewe. Mwili ukianguka kutoka kimo hicho hugusa ardhi baada ya nusu sekunde hivi, kwa mwendo wa karibu kilomita 17 kwa saa, na kwa hakika mikono yangu ilikuwa tayari imeshainuka imchukue kwapani na kumtua. Nilijizuia. Nilikuwa nimeweka sharti tangu siku ya kwanza kwamba hakuna mtu mzima atakayemnyanyua mtoto na kumbandika mahali ambapo hajafika mwenyewe, kwa sababu aliyepandishwa hana kumbukumbu ya njia miguuni mwake. Lakini sharti hilo lilihusu kupanda, na sikuwa nimejiuliza lina maana gani kwa mtoto aliyefika mwenyewe na sasa anataka kurudi.

Nilikisogelea kisigino chake cha kushoto, nikakigusa kwa kidole kimoja. "Huu hapa mguu wako," nikamwambia. "Uteremshe taratibu, ukiwa umegusa ubao." Kiatu kikateleza juu ya rangi kwa mkwaruzo mdogo, kikashuka, kikashuka tena, kikaishia hewani. Niliona kwa macho yangu kwamba kishikio alichokihitaji kilikuwa kimebaki upana wa kiganja kutoka ncha ya kiatu chake, na kwamba hata akijinyoosha namna gani asingekifikia bila kuachia mikono. Hapo nikaweka kiganja changu ukutani chini ya kiatu chake, akakanyaga, akashusha mguu wa pili mwenyewe, na hatua mbili baadaye alikuwa amesimama kwenye vibanzi, akitetemeka magoti, akitaka kujua kama kaka yake ameona.

Wakati watoto walipokuwa wakioga nilirudi uani na tochi. Nilikuwa sijawahi kuutazama ukuta ule kwa karibu tangu uanze kutumika, na nilipopiga magoti nikaweka uso wangu kwenye kimo cha kiuno cha mtoto, niliona kitu ambacho kwa mbali hakionekani: rangi ilikuwa imejaa michirizi myeusi ya raba, mifupi, yenye unene wa ncha ya kiatu, yote ikielekea chini. Karibu kila mchirizi uliishia patupu. Hayo ndiyo mahali ambapo miguu ya wanangu ilikuwa ikitafuta pa kukanyaga wiki tatu nzima, na kila ilipokosa, waliruka. Kifungua mimba huruka kwa hiari yake, kwa hiyo sikuwahi kujua kwamba nusu ya miruko yake ilikuwa ya kukosa njia. Hata vibanzi vilikuwa vimeniandikia habari hiyo, kwani katikati palikuwa na shimo kama bakuli, ambapo kina cha vibanzi, nilipokipima, kilikuwa kimebaki sentimita 18.

Kosa langu lilikuwa kwenye kipimo. Vishikio vya miguu nilikuwa nimeviachanisha kwa sentimita 40, hatua ambayo kwangu ni fupi na ambayo watoto huimudu wakipanda, kwa sababu anayepanda huinua goti mpaka karibu na kifua kisha akajisukuma. Anayeshuka hufanya kinyume: goti la mguu uliobaki juu lazima likunjike polepole likiwa limebeba mwili wote, mikono ikiwa bado imeshika juu, na hatua yake huwa fupi sana kuliko ile aliyopandia. Nadhani ndiyo sababu hata watu wazima husema kushuka kunawatia hofu zaidi, nao wanaona haya kukiri.

Michezo yenyewe haikunisaidia kuliona hili. Kukwea kulipoingia Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, tulitazama nyumbani kwa shauku kubwa, na wanamichezo wale walifika juu wakateremshwa kwa kamba au wakajiachia kwenye magodoro mazito. Hakuna alama inayotolewa kwa kushuka. Kwa watu wenye kamba na magodoro hilo halina ubaya wowote, lakini mtoto wa miaka mitano uani hana kamba, na ujuzi wa kurudi kwa njia aliyojia ndio atakaokwenda nao kwenye kila mti na kila mwamba ambapo mimi sitakuwepo.

Kwa hiyo leo tangu asubuhi nimefanya kazi ya kushusha. Nimetenga vishikio saba vya manjano, vipana, vyenye mdomo unaoelekea ndani ili mguu usiteleze, nikavipanga katika safu mbili zilizo jirani, kimoja kushoto na kingine kulia, kila kimoja kikiwa sentimita 20 chini ya kilichotangulia. Vitatu nilivichonga mwenyewe kwa mbao ngumu, nikavipiga msasa mpaka pembe zote zikawa mviringo. Hiyo ndiyo njia ya kurudi, na haitabadilishwa. Vishikio vingine vyote vinaweza kuhamishwa kila mwezi watakavyo watoto, lakini vya manjano vitabaki mahali pake ili miguu ivizoee. Nimeongeza vibanzi, nikavisawazisha kwa reki, na reki yenyewe nimeitundika kando ya ukuta isije ikasahauliwa.

Kitindamimba amepanda na kushuka mara nne. Mara ya kwanza niliweka mkono wangu nyuma ya mgongo wake bila kumgusa, na mara ya nne nilikuwa nimekaa kwenye kigoda. Mguu wake huteremka ukikwaruza ubao, hugusa manjano, husita, hubonyeza mara mbili kama mtu anayejaribu kama udongo umekauka, ndipo uzito wote ukafuata. Hakuna aliyemfundisha kubonyeza mara mbili.

Kaka yake naye alitaka kuonyesha kwamba anaweza kushuka akiwa amefumba macho, akihesabu kwa sauti. Alihesabu sita. Nilimwambia vipo saba, akasema cha tano kinacheza, amekiruka. Nilikwenda kukishika, na kweli, kiligeuka kidogo chini ya kidole gumba changu, ingawa bolti yake niliikaza mwenyewe asubuhi. Ni kimoja cha vile vya mbao, na nadhani mbao imejibana kidogo baada ya kukazwa. Nimeikaza tena, na kesho kabla hawajatoka shule nitaongeza skrubu ndogo pembeni ya bolti kwenye vyote vitatu ili visizunguke. Mpaka hapo nimewaambia ukuta umefungwa, na wamekubali bila kununa.