Leithi ya zamani: beringi za spindo zimeingia, sasa inakata

Haya wadau, leithi yangu, yani mashine ya kukereza chuma, imefunguka na imefungwa tena.

Kwa ambao hawakufuatilia, shida ilikuwa mtetemo. Kila nikikereza shafti uso unatoka na mawimbi, na nikileta kisu cha kukatisha ndio kabisa, inalia mpaka nazima. Kabla sijagusa spana nikapima kwanza, maana mkanda mbovu au gia zilizolika nazo zinaleta kelele ileile. Nikaegesha saa ya kupimia juu ya spindo (mhimili unaozungusha kazi) karibu kabisa na chaki (kile kinachobana kazi), nikabana bomba kwenye chaki nikaliinua kwa mkono, mshale ukaruka 0.08 mm, nikiachia unarudi. Hapo hakuna mjadala, beringi zimekufa.

Kutoa spindo haikuwa kazi. Beringi ni za tepa (roli zake zimelala kimshazari), mbele 30208 nyuma 30207, yani tarakimu mbili za mwisho zidisha kwa 5 unapata tundu, 40 mm na 35 mm. Nilipoosha ringi ya nje ya mbele na mafuta ya taa nikaona kitu kizuri sana kukiangalia: upande mmoja bado unang'aa kama kioo, upande wa pili kuna doa la kijivu, ukipitisha kucha inakwaruza. Ringi ya nje haizunguki, na nguvu ya kukata inakuja kutoka upande uleule miaka yote, kwahiyo inalika palepale. Mbele nimeweka daraja la P5 (la usahihi wa juu), mzigo mkubwa uko huko.

Ringi za ndani nimezipasha moto kama digrii 90 zikateleza zenyewe, usivuke 120 chuma kitapoteza ugumu. Za nje nimezigonga kwa kutumia ringi kuukuu niliyoisaga kidogo pembeni isije ikang'ang'ania. Nyundo isipitie kwenye roli hata siku moja, utaacha vidonda ambavyo utavisikia milele. Grisi theluthi ya nafasi inatosha, ukijaza inachemka bure.

Sasa kwenye nati ya nyuma ndio kazi yenyewe ilipo, na kwa maoni yangu hapa ndipo leithi inakuwa nzima au inabaki mbovu hata kama umeweka beringi bora kuliko zote. Unakaza kidogo huku unazungusha spindo kwa mkono ili roli zikae mahali pake, unapima, unakaza tena kidogo, mpaka mchezo (ule ulegevu) uishe kabisa kwenye saa, halafu unaongeza kanyuzi kadogo tu, hiyo ndio prilodi, yani beringi kubanwa kidogo tangu mwanzo. Ikilegea inatetemeka, ikizidi beringi inaungua. Nikaiwasha spidi ya chini bila kazi, nikapandisha taratibu, kila hatua naacha dakika 30 nagusa kichwa cha mashine upande wa beringi ya mbele. Spidi ya juu ikawa moto ambao mkono hauvumilii, nikazima, nikalegeza nati kidogo sana, nikarudia. Sasa hivi ni vuguvugu tu hata ikikimbia muda mrefu.

Bomba lilelile nikiinua mshale hauvuki 0.01. Nimekatisha chuma cha 25 mm kwa kulisha mfululizo, chipsi zinatoka zimejikunja vizuri, mashine kimya, yani nimefurahi kweli. Kinachofuata ni kusawazisha kichwa na kitanda, maana kikitolewa uzito na kurudishiwa lazima uhakikishe mashine haikerezi koni, yani upande mmoja mwembamba kuliko mwingine.