Mto Uliokuja Jua Likiwaka

Juzi tulikuwa twarudi kutoka Diani tukashika barabara mpya ya Dongo Kundu, kwa sababu mama watoto hataki tena kusikia habari ya foleni ya feri. Tulipofika daraja la Mwache nikapunguza mwendo. Huko chini maji yalikuwa mekundu, mazito, yamejaa ukingo hadi ukingo, na juu jua lawaka hakuna hata wingu la kusingizia.

"Baba, mbona maji machafu hivyo na mvua haijanyesha?"

"Imenyesha huko juu," nikamjibu.

"Juu wapi? Mbinguni?"

Mamake akacheka. Nyuma yetu lori likapiga honi, nikakanyaga mafuta, na swali likabaki pale darajani. Kumbe mimi ndiye niliyelibeba, kwa sababu usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimerudi 1997.

Ilikuwa Oktoba. Ami alikuwa bado na ile pikapu yake ya bluu, ambayo mlango wa upande wa abiria ulifungwa kwa kamba, na alikuwa ameagizwa mbuzi wa harusi. Mimi ni kijana wa miaka kumi na saba, kazi yangu kushika mbuzi na kunyamaza. Tukatoka mjini Mombasa alfajiri, tukapita Mazeras, tukaacha lami Mariakani tukashika njia ya vumbi ya kwenda Kinango. Bei ilipatana haraka kuliko kawaida ya Ami. Mbuzi wakapakiwa, wakafungwa, na alasiri tukageuza.

Njiani palikuwa na mkono mmoja wa mto Mwache ambao asubuhi tuliuvuka bila hata kubadili gia. Hapakuwa na daraja. Gari lateremka, lapita juu ya mchanga, lapanda upande wa pili. Maji yalikuwa vidimbwi viwili vitatu tu vya rangi ya majani, ambavyo hata mbuzi walivinusa wakaviacha. Kando yake, katikati ya mchanga mkavu, akina mama walikuwa wamechimba mashimo ya kina cha mkono na humo wachota kwa kibuyu, kibuyu kimoja kimoja, wakijaza mitungi ya plastiki.

Tuliporudi, alikuwa amebaki mmoja. Mtu mzima, lesu kiunoni, kainama shimoni. Ami akashusha pikapu hadi mwisho wa mteremko, magurudumu ya mbele yakagusa mchanga. Yule mama akainuka, akatazama upande wa machweo, kisha akafanya jambo lililonishangaza: akamwaga kibuyu kilichokuwa mkononi, akabeba mitungi yake miwili, mmoja umejaa na mwingine nusu, akaanza kupanda ukingo kwa haraka ambayo sikuitarajia kwa umri wake.

"Rudisha gari, mwanangu," akamwambia Ami alipotufikia. "Mto waja."

Ami akatazama juu. Mbingu nyeupe. Akatazama mto. Mchanga. "Mama, hapa hapajanyesha hata tone."

"Hapa si lazima panyeshe."

Sasa Ami ni mtu wa Kibokoni, Mji wa Kale Mombasa. Maji anayoyajua yeye ni ya bahari, na bahari yafuata mwezi, ina saa zake; maji yajaa, maji yatoka, huna haja ya kumwuliza mtu. Akazima injini ili ajadiliane. Nadhani kuzima ile injini ndiko kulikotuokoa, si hekima, kwa sababu ilipozimika tukasikia.

Sauti ilikuwa ya lori lililopakia mawe likija kwa mbali kwenye njia mbovu. Haikuongezeka mara moja. Ilikuwepo tu, chini chini, ikiingia zaidi miguuni kuliko masikioni. Mbuzi wakaacha kulia. Kisha ikaja harufu, na hii ndiyo nisiyoisahau: udongo ulioloa, mavi ya ng'ombe, majani yaliyopondwa, harufu ya mvua kamili, ilhali mashavu yangu yaungua na jua.

Ami akawasha. Ikakataa. Akawasha tena, ikashika, akarudi kinyumenyume huku mimi nasukuma kwa mbele, sijui nilidhani nasaidia nini. Tulipofika juu nikageuka.

Sikuona ukuta wa maji. Watu wakisimulia mafuriko husema ukuta, lakini kilichotangulia kilikuwa ulimi. Ulimi wa povu la kahawia, unene wa kiganja, ukitambaa juu ya mchanga kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Mbele yake ulisukuma vijiti, samadi kavu, kandambili moja, na wadudu, wadudu wengi, siafu na majongoo na nge, wote wakikimbia kwenye ukingo wa lile povu. Ulipofika kwenye shimo la yule mama ulisita, ukalijaza, ukabwabwaja kidogo, ukaendelea. Mchanga ulikuwa waunywa kadiri unavyokuja. Kwa muda ule mfupi nilidhani utaishia pale pale, na Ami naye alidhani hivyo, maana alisema, "Ndo huo?"

Nyuma ya ulimi maji yakaja magotini. Kisha kiunoni, na kabla sijamaliza kulifikiria hilo, hapakuwa tena na mchanga wala vidimbwi wala alama za magurudumu yetu. Palikuwa na mto mwekundu, mpana, uliovimba katikati kuliko pembeni, ukibeba mgunga mzima na mizizi yake. Pale magurudumu ya mbele yalipokuwa yamegusa, mtu mrefu angezama. Hatukuongea. Ami alikuwa ameshika usukani wa gari lililozimwa kwa mikono miwili.

Yule mama alikata kijiti akakichomeka pale maji yalipofikia. Kila baada ya kitambo alikitazama. Kikizama, alichomeka kingine juu yake. Vilizama vitatu kwa mfululizo, cha nne hakikuzama, akaketi chini akasema, "Umefika. Sasa utashuka, lakini kushuka kwake si kama kupanda. Laleni."

Tukalala. Yalipanda kwa muda wa kuchemsha chai na yalishuka usiku kucha.

Kazi yangu siku hizi ni kutembea kutwa na chupa za sampuli za maji na tope, kwa hivyo leo naweza kueleza kilichotupata bila kutaja shetani. Sehemu kubwa ya ile nchi ya kutoka Mariakani kupanda hadi Samburu ya Kwale na Taru imelalia mawe ya tabaka, matope ya kale yaliyogandamana yakawa jiwe, ambayo wanajiolojia waliyaita kwa jina la kituo kile cha reli, Maji ya Chumvi. Jiwe lile halipitishi maji, na udongo unaotoka kwake ni mzito. Matone makubwa ya mvua za kwanza yakiupiga, vumbi laziba vitundu vyote juu na ardhi yajifunga uso. Ongeza mifugo iliyokula nyasi hadi shina, ongeza miti iliyogeuka makaa. Maji hayana mlango wa kuingilia. Yakimbilia njia ya mbuzi, njia ya mbuzi yamwaga kwenye korongo, korongo kwenye kijito, na Mwache hukusanya hivyo kwenye eneo la zaidi ya kilomita 2,000 za mraba. Wingu linyeshe saa moja upande wa Taru, wewe uliye chini hujui lolote hadi likufikie, na likifika limekwisha nyesha zamani na jua limerudi.

Ukitaka kuona kinyume chake, nenda milima ya Shimba, si mbali na hapo hapo. Kule ni mchanga na mawe ya mchanga na msitu juu yake. Mvua hiyo hiyo ya wingu hilo hilo ikianguka, majani yaivunja nguvu, mizizi yaifungulia, nayo yashuka chini itembee baina ya chembe polepole, miezi, pengine miaka, hadi itokee chemchemi ya Marere hata katikati ya kiangazi, safi, bila kelele. Maji ya Marere yameingia mifereji ya Mombasa tangu zama za mkoloni. Hakuna anayeyasimulia kwa sababu hayajawahi kumtisha mtu.

Lakini yote hayo nimeyajua baadaye. Asubuhi ile nilijua jambo moja tu, na sikulijua kwa akili bali kwa mdomo. Kulipokucha mto ulikuwa umerudi kuwa vijito viwili vyembamba juu ya mchanga mpya, laini, usio na alama ya mguu hata mmoja. Yule mama alikuwa ameshatangulia. Akachimba mahali pengine kabisa, hatua kadhaa kutoka shimo la jana, akangoja, akachota, akamwaga, akachota tena, kisha akanipa kibuyu. Yale ya jana alikuwa amempa Ami ayatie kwenye rejeta, na mimi nilikuwa nimeyaonja: magadi matupu. Haya yalikuwa matamu. Baridi, na ladha ya jiwe kidogo.

"Ule wa jana ndio huu?" nikamwuliza.

"Ndio huo. Umechukua matope yake kwenda nayo kwenu, sisi umetuachia haya." Akacheka. Alikuwa na furaha, na mimi sikuelewa furaha ile, kwa sababu nilikuwa bado nauona ule mgunga ukipita. Mafuriko yaliyotaka kutumeza yalikuwa yamemjazia ghala. Maji yalizama kwenye mchanga, yakajificha na jua, naye atayachota wiki baada ya wiki hadi yarudi kuwa machungu.

Lile neno la "kwenda nayo kwenu" nililichukua kama utani. Harusi ikafanyika, na mjini nako mvua ikaanza. Ile vuli mliokuwepo mwaikumbuka: El Niño, barabara ya Nairobi kukatika, nyumba kuporomoka, mvua iliyoendelea hadi mwaka ukageuka. Wakati huo wote Mwache, na mito mingine ya huko, ilikuwa ikishusha udongo wa Taru na Kinango mchana na usiku, na mto ukifika kwenye hori, ule mkono wa bahari uingiao nchi kavu, hupoteza kasi na kukitua ulichokibeba. Ulikitua juu ya mikoko.

Mkoko hupumua kwa mizizi. Nusu ya uhai wake uko kwenye vile vitundu vidogo vya mizizi inayoning'inia, vinavyopata hewa maji yakitoka. Ukivifunika kwa tope, mti hausemi kitu, husimama tu mwezi, miezi, halafu huanza kupukutika majani kuanzia juu. Hori la Mwache lilipoteza mikoko kwa eneo kubwa baada ya mvua zile za 1997 na 1998. Jambo hilo limeandikwa na kuchunguzwa na wataalamu wetu wa bahari. Mimi nililiona kwa macho nilipopelekwa kule kwa kazi miaka ya baadaye: magogo ya kijivu yamesimama kwenye tope, hakuna kaa, hakuna chaza. Mvuvi mmoja alituambia hapo alikuwa akipata kamba wa kulisha nyumba. Nikachukua sampuli ya tope, nikaiangalia kwenye chupa. Ilikuwa rangi ya barabara ya Kinango.

Sasa hapo nisaidieni, kwa maana mimi sijafika. Nimlaumu nani? Yule mama alikuwa na haki ya kucheka. Bila ule mto hakuwa na cha kunywa. Wachoma makaa wa kule, makaa yenyewe twayanunua sisi wa mjini tukaangie samaki tunaolalamika kwamba wamepungua. Na siku hizi lajengwa bwawa kubwa juu ya Mwache, huko Kwale, la kuletea Mombasa na Kwale zaidi ya lita milioni 180 kila siku, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kumngoja mwenye mkokoteni wa maji saa nne za usiku hawezi kulipinga. Tope likifika bwawani litasimama, na ndiyo sababu mpango wenyewe una mabwawa madogo ya kulinasa huko juu kwanza. Basi mikoko itapumua? Labda. Au itakosa hata ule udongo kidogo inaouhitaji, pamoja na maji baridi ya mto. Nimewasikia watu wazima wenye shahada wakibishana hilo hadi chai ikapoa, na kila mmoja alikuwa na hoja.

Nilimpigia Ami jana nimwulize kama akumbuka jina la yule mama. Hakumbuki, wala bwawa halimhusu. Alichotaka kuniambia ni habari ya yule beberu mweusi aliyekata kamba sauti ya mto iliposikika. Nilimwona kwa macho yangu akikimbilia kichakani, kupanda mlima, mzima wa afya, na mkia juu. Ami ameshaamua zaidi ya miaka ishirini iliyopita kwamba aliliwa na Mwache, na bei yake, kila nikimpigia, yaongezeka.