Beringi za Rili na Chumvi ya Coco Beach

Kwa muda wa miaka sita nimekuwa nikivua kwa fimbo nikiwa ufukweni, mara nyingi Coco Beach, jijini Dar es Salaam, maji yanapojaa alfajiri, na mara chache ng'ambo ya Kigamboni, na katika muda wote huo hakuna kitu kilichokula fedha zangu kama tamaa ya kurusha mbali zaidi. Rili ninayoitumia, yaani mashine ya kukunjia uzi kwenye fimbo, ni ile ambayo spuli yake, yaani gurudumu linalobeba uzi, imelala kukingama fimbo na huzunguka yenyewe chambo kinaporuka. Kuzunguka huko ndiko chanzo cha habari yote ya beringi, zile pete zenye gololi ndani zinazolainisha mzunguko, kwa sababu katika rili za aina nyingine, zile za spuli iliyosimama ambazo ndizo zimejaa madukani, spuli haizunguki kabisa wakati wa kurusha. Uzi humwagika tu kupitia ukingo wake. Mwenye rili ya namna hiyo akibadilisha beringi atapata mpini mlaini, lakini chambo chake hakitasogea mbele hata shubiri moja.

Maandishi ya kwenye boksi huwapoteza wengi. Rili inaweza kunadiwa kuwa ina beringi 8 au 10, nasi tukadhani zote zinafanya kazi moja, ilhali zinazohusika na kurusha ni mbili, pengine tatu, zinazobeba ekseli ya spuli. Moja hukaa ndani ya kifuniko cha ubavuni. Nyingine iko upande wa mpini, ambako katika rili nyingi hushikwa kwenye ekseli na pini nyembamba inayopaswa kusukumwa kwa uangalifu mkubwa, maana ekseli ikipinda hata kwa kiasi cha unywele, spuli hiyo haitazunguka sawa tena. Zilizobaki zimo kwenye gia, mpini na vishikio vyake. Katika rili yangu, beringi ya kifuniko ina tundu la milimita 3, kipenyo cha nje cha milimita 10 na unene wa milimita 4, na ya upande wa pili ni milimita 5 kwa 11 kwa 4. Vipimo hutofautiana kati ya rili na rili, hata zikiwa za kampuni moja, kwa hiyo anayetaka kununua apime kwanza.

Baada ya kuvijua vipimo hivyo nilijiona mjanja. Nilikwenda Kariakoo, kwenye duka moja la vipuri vya mashine, nikaomba beringi namba 623, ambayo ndiyo namba inayotumika viwandani kwa kipimo cha 3 kwa 10 kwa 4, nikaipata kwa sehemu ndogo sana ya bei inayodaiwa na wauza vifaa vya uvuvi. Ilizunguka vizuri kwa alfajiri mbili. Ya tatu, spuli ilianza kukwaruza kama jiwe la kusagia, na nilipoifungua nilikuta pete zake zimekuwa na rangi ya kahawia, kwa sababu ilikuwa ya chuma cha kawaida cha beringi, kigumu kweli, lakini kisicho na kinga yoyote dhidi ya chumvi. Simlaumu muuzaji, yeye aliulizwa swali la mota akajibu la mota. Tangu hapo ninaangalia herufi kama ninavyoangalia namba: S iliyotangulia, kama katika S623, kwa kawaida huonyesha chuma kisichoshika kutu; ZZ mwishoni ni vifuniko viwili vya bati visivyogusa pete ya ndani, na 2RS ni mipira miwili inayozuia uchafu vizuri lakini husugua na kupunguza kasi.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya gharama. Shemeji yangu aliyekuwa akirudi kutoka Dubai aliniletea jozi ya beringi za kauri, ambazo kwa kweli ni nusu kauri: gololi zake ni za silikoni naitraidi, yenye uzito wa takriban gramu 3.2 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya gramu 7.8 hivi za chuma, lakini pete zake bado ni chuma. Gololi hizo haziozi, ni ngumu, tena huvumilia kuzunguka na mafuta kidogo sana. Pete zake, hata hivyo, huweza kushika kutu kama za beringi nyingine za chuma, jambo ambalo pakiti haikulitaja. Pakiti ilitaja ABEC 7, kwa maandishi makubwa. ABEC ni daraja la usahihi wa vipimo, 1, 3, 5, 7 na 9, na haisemi neno lolote kuhusu aina ya chuma, mafuta yaliyotiwa ndani, wala uwezo wa kustahimili maji ya bahari.

Nilizifunga Ijumaa usiku, na Jumamosi nikawa Coco Beach. Ilikuwa Julai, kusi imepamba moto na inavuma usoni. Nikarusha kwa nguvu kama nilivyozoea. Chambo kilipokutana na upepo kilipungua kasi, lakini spuli, ambayo sasa haikuwa na kitu cha kuizuia, iliendelea kuzunguka na kutoa uzi usio na pa kwenda, na kufumba na kufumbua rili yote ilikuwa nywele timutimu. Mzee mmoja aliyekuwa akivua kwa mshipi wa mkono juu ya mwamba alisogea kutazama. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba, mwanangu," kisha akauliza kwa upole kama mashine hiyo nimeilipia. Nilitumia karibu saa nzima kukata na kuchambua uzi, huku yeye akitoa changu wawili.

Kosa halikuwa la beringi. Grisi nzito ya kiwandani ilikuwa imenifanyia kazi ya breki bila mimi kujua, na nilipoiondoa nilipaswa kurekebisha breki zenyewe. Rili yangu ina breki ya vipande vidogo vinavyosukumwa nje spuli inapozunguka, ambavyo nguvu yake huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo hushika sana mwanzoni na huachia mwishoni. Breki ya sumaku huongezeka kwa uwiano wa kasi tu, na kwa upepo wa usoni naiona kuwa tulivu zaidi. Lakini breki yoyote iwayo, kidole gumba lazima kijue kazi yake.

Baada ya hapo ndipo nilipofanya jaribio ambalo lingetangulia yote. Nilichukua beringi za asili za rili, nikang'oa waya mwembamba unaoshikilia kifuniko cha bati kwa ncha ya sindano, nikaziloweka katika petroli ya viberiti ndani ya kichupa cha kioo (nje, mbali na jiko), nikatikisa, nikabadilisha petroli mpaka ikabaki safi, nikaziacha zikauke kabisa na kutia tone moja la mafuta ya cherehani katika kila moja. Tone moja, si matatu. Kisha nikaenda uwanjani na risasi, yaani kile kipande kizito cha kuzamishia uzi, ya gramu 15 nikarusha kwa zamu. Kati ya beringi zilizooshwa na zile za kauri tofauti ilikuwa ya hatua mbili au tatu, na kuna mirusho ambayo sikuweza kusema ipi ni ipi. Kati ya zilizooshwa na zenye grisi tofauti ilionekana bila kupima.

Kuna wanaopiga spuli kwa kidole na kuhesabu sekunde mpaka isimame, kisha wakajivunia dakika nzima. Kipimo hicho kinanichekesha kidogo, maana spuli nzito huchukua muda mrefu kusimama kuliko nyepesi, wakati katika kurusha ni nyepesi inayoamka haraka. Kwa risasi ya gramu 80 ninayotumia kusi ikivuma, upepo unaokamata risasi na uzi huzidi mbali msuguano wa beringi. Faida ya kauri nimeiona kwa vyambo bandia vya gramu 7 hadi 10 tu, ambavyo havina nguvu ya kuiamsha spuli.

Kwa hiyo za kauri ninazitia wakati wa tangambili, bahari ikitulia upande wa Msasani na kolekole wadogo wakifuata dagaa karibu na nchi. Miezi mingine yote rili yangu hubeba zile za chuma, ambazo huziosha kila baada ya safari tatu. Nikirudi nyumbani huifuta rili kwa kitambaa chenye maji baridi, wala siielekezei bomba, kwa sababu maji ya kasi husukuma chumvi ndani ya beringi badala ya kuitoa. Na ile beringi ya kuzuia mpini usirudi nyuma siigusi kwa mafuta. Niliijaza mara moja, na mpini ukaanza kuteleza samaki akiwa bado ndoanani.