Siku moja maishani mwangu: zamu ya mchana na saa za mitambo

Saa 1:00 asubuhi. Napokea zamu. Mwenzangu wa usiku ana macho mekundu: "Kaka, umeme ulikatika eneo kubwa, umerudi alfajiri. Mengi yamejiinua yenyewe." Hilo neno "mengi" silipendi, maana si yote. Kazi yangu ni mtandao wa simu na intaneti: nasimamia ruta za minarani (vifaa vinavyoelekeza data), mitambo ya faiba (nyuzi za kioo zinazobeba data kwa mwanga) na modemu za majumbani, na sigusi hata kimoja kwa mkono. Nafanya yote kwa mbali, kupitia mtandao ule ule ninaoutengeneza.

Saa 2:00. Modemu zilizozimika. Modemu ya GPON, yaani ya intaneti ya faiba inayofika nyumbani, ikikosa umeme hutuma ujumbe mmoja mfupi kabla ya kufa. Sisi huuita pumzi ya mwisho. Ujumbe ukifika, mteja hana umeme. Usipofika na mtaa mzima umetoweka kwa pamoja, tafuta faiba iliyokatika. Karibu zote za jana zilituaga vizuri, kwa hiyo simsumbui fundi wa nje.

Saa 4:00. Hapa ndipo siku ilipolala. Malalamiko yanatoka kwenye minara miwili mitatu jirani: intaneti nzito, simu zinakatika ukivuka kutoka mnara mmoja kwenda mwingine. Kengele hakuna, taa zote kijani. Kijani ni rangi ya kuwatuliza mabosi.

Mimi nikaanza na saa. Minara yetu ni ya TDD, yaani hutuma na kupokea kwenye masafa yale yale, kwa kupokezana. Mmoja ukiwahi kusema wakati jirani bado anasikiliza, unamziba masikio. Ndiyo maana kila mnara hautakiwi kupishana na saa ya marejeo kwa zaidi ya mikrosekunde 1.5. Nafungua ruta: PTP, njia ya kusambaza saa sahihi kupitia mtandao, imeshika, tofauti inayoonyeshwa ni nanosekunde chache tu. Wengi wangeishia hapo. Ila ruta inakupa tofauti kama inavyoihesabu yenyewe, na hesabu ya PTP ina dhana moja ndani yake: inapima safari ya kwenda na kurudi, inagawanya kwa mbili, ikiamini kwamba njia zote mbili zina urefu sawa. Zikitofautiana, saa inakosea na ruta haijui.

Bahati nzuri mnara mmoja kwenye mnyororo huo una antena ya GPS, inayopata saa yake kutoka kwa setilaiti. Nikaiambia ruta yake ilinganishe saa hizo mbili. Jibu: karibu mikrosekunde 1.7.

Nikampigia fundi aliyekarabati kebo wiki hii.

"Fundi, ule uzi wa faiba wa kurudi mliupitisha wapi?"

"Mkuu, ulikuwa umevunjika. Tukaazima mmoja kwenye kebo ile inayozunguka."

"Umezidi kwa mita ngapi?"

"Kama mia saba hivi."

Mwanga ndani ya faiba hutumia takriban nanosekunde 5 kwa kila mita. Mita 700 ni nanosekunde 3,500. Gawanya kwa mbili, unapata mikrosekunde 1.75. Namkubali fundi huyu kuliko ripoti yoyote. Nikaingiza fidia kwenye ruta, yaani marekebisho ya kufuta tofauti hiyo, kwa sharti ninalolitumia kila mara: nisipothibitisha ndani ya dakika 10, ruta inajirudishia mipangilio ya zamani. Ukijifungia nje ya kifaa kilicho juu ya mlima, sharti hilo ndilo litakalokufungulia mlango. Nikathibitisha, malalamiko yakapungua.

Saa 7:00. Chakula, mbele ya skrini.

Saa 8:00. Lile "mengi" la asubuhi likajitokeza. Kuna modemu ambazo wateja wake wanatumia intaneti bila shida, lakini seva yetu ya TR-069, ile ya kusimamia modemu kwa mbali, haizioni. Modemu hizi hazina betri ya saa. Zikiamka baada ya umeme kukatika, huamini kwamba ni tarehe 1 Januari 1970 mpaka NTP, huduma ya kutoa saa kwenye mtandao, iziambie vingine. Mwaka 1970 cheti cha seva yetu (kitambulisho chake cha kidijitali) bado hakijaanza kutumika, kwa hiyo modemu inakikataa na kukata mazungumzo. Na kwa kuwa ni modemu inayoanza kuita seva, mimi sina pa kuingilia.

Kwa nini NTP haikujibu? Sheria mpya kwenye fayawoli, ukuta wa ulinzi wa mtandao, ilikuwa imefunga bandari 123 ya UDP, mlango unaotumiwa na NTP. Aliyeifunga aliona haina kazi. Nikaomba ifunguliwe, muda mwingi ukapotea kwenye vibali, kazi yenyewe ni mstari mmoja. Baada ya hapo modemu zikaanza kuripoti moja moja.

Saa 11:00 jioni. Naandika daftari la zamu, nyakati zote kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, ili zilingane na kumbukumbu za mitambo. Mstari wa juu kabisa nimeuandika kwa herufi kubwa: siku uzi ule ukirudishwa kwenye kebo yake, ondoeni fidia saa hiyo hiyo, la sivyo mnara utakosea kwa kiasi kile kile upande wa pili, na taa zitabaki kijani.