Nordschleife na gari ya farasi 115: nilivyojifunza kwenda haraka bila kuisumbua gari

Nimechoka kusikia watu wakisema eti Nürburgring, ule uwanja wa mbio wa Ujerumani, bila injini kubwa unaenda kupoteza hela. Mimi naendesha Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile iliyotoka 1989 yenye taa zinazochomoza, injini ya lita 1.6, nguvu za farasi 115 hivi, uzito haufiki tani moja. Na siku hizi kuna magari yenye nguvu mara tatu ya yangu yananipita mlimani halafu tukifika kwenye kona za kushuka nayakuta yako mbele yangu yanahangaika. Najivunia hilo na nalisema wazi, maana limenila muda, tairi na hela nyingi tu.

Kwa asiyeijua, Nordschleife ni ile njia ya zamani ya Nürburgring, kwenye milima ya Eifel huko Ujerumani, imefunguliwa 1927, urefu wake kilomita 20.8, kona ni zaidi ya 70, na kutoka chini kabisa pale Breidscheid mpaka juu kabisa Hohe Acht unapanda karibu mita 300. Dereva wa mbio Jackie Stewart ndiye aliyeiita Jehanamu ya Kijani na jina likaganda mpaka leo. Siku za wazi mtu mwenye leseni na gari halali ya barabarani analipa kwa mzunguko, anaingia. Sheria za barabara zinatumika mle ndani, kuovateki ni kwa kushoto tu, na kujipima muda ni marufuku, kwahiyo asiniulize mtu natumia dakika ngapi.

Sasa ushauri mbovu wa kwanza, na huu kila mtu atakupa: "chelewesha breki". Jamani. Ukichelewesha breki kwenye gari ndogo unaokoa mita chache kabla ya kona, halafu unaingia na mwendo usiotakiwa, pua inasogea nje, unasubiri, unasubiri, mpaka gari ikubali kukata ndio ukanyage mafuta. Gari ya farasi 500 itafidia hapo. Ya kwangu haifidii. Mfano mzuri ni Bergwerk, kona ya kulia, kali, na ukitoka hapo unaanza kupanda Kesselchen, mlima ambao ni kama hauishi mpaka unakaribia kona ya Karussell. Mwendo uliotoka nao Bergwerk ndio unaobeba mlima mzima. Kwahiyo pale mimi nafunga breki mapema kuliko karibu kila mtu, naingia taratibu, nakata kwa kuchelewa kidogo, na mguu wa mafuta uko chini kabisa wakati mwenzangu bado anapigana na usukani. (Ni karibu na hapo ndipo dereva wa mbio Niki Lauda alipopata ajali ya moto 1976, na Formula One haikurudi tena kwenye njia ile. Huwa nakumbuka kila nikipita.)

Ushauri mbovu wa pili ndio ulionila hela. Fundi mmoja anayejua kweli kutengeneza magari ya mashindano akaniambia gari yangu inalala sana kwenye kona, inatakiwa springi ngumu, ishushwe, na vyuma vinene vya kuzuia kulala. Akafunga. Kwa macho gari ikapendeza sana, na kwenye barabara laini ilikuwa inakata kona kama iko relini. Nikaipeleka Nordschleife. Hatzenbach, mwanzoni kabisa ambako kona zinafuatana kushoto kulia kushoto kulia, nikaanza kusikia tairi zinarukaruka juu ya lami badala ya kuishika. Flugplatz, pale barabara inapopanda halafu ghafla inakatika chini yako na gari inakuwa nyepesi, pua ikakosa mshiko kabisa kwa muda, usukani ukawa kama haujaunganishwa na kitu. Halafu Fuchsröhre. Unashuka pale moto wote, unafika bondeni gari inakandamizwa chini kwa nguvu, na kwa vile ilikuwa imeshushwa springi zikamaliza safari yake yote, ikagonga, ikaruka pembeni kama hatua nzima, na mbele ndio kona ya Adenauer Forst inakusubiri imejificha nyuma ya kilima. Nikaachia mafuta, nikaweka indiketa ya kulia, nikamaliza mzunguko polepole nikiwa na hasira ambayo siwezi kuieleza.

Vyote nikavitoa, nikaviuza kwa bei ya kutupa. Nikarudisha springi za kiwandani, nikaweka shokabsoba mpya nzuri, basi. Gari inalala, ndio inalala, lakini inalala taratibu na inakuambia kila inachofanya kabla haijakifanya. Njia ile sio meza, ina mabonde, viraka, matuta, kuna pale Pflanzgarten gari inaweza hata kuachana na lami, na gari nyepesi yenye springi ngumu haina uzito wa kuzikandamiza zile springi. Gari ya tani mbili inaweza, ya kwako ya kilo 950 haiwezi. Hilo fundi hakuniambia, pengine kwa sababu yeye alikuwa anajenga magari ya viwanja laini.

Haya, kitu kilichonibadilisha kabisa: kuachia breki. Sio kukanyaga, kuachia. Watu wote wanafundishana kukanyaga. Ukikanyaga breki uzito unaenda mbele, tairi za mbele zinapata mshiko mwingi, za nyuma zinabaki nyepesi. Ukiinua mguu ghafla ule uzito unarudi nyuma kwa kishindo, tairi za mbele zinapoteza ule mshiko wakati huohuo unapouhitaji kukata kona. Ukiinua mguu taratibu huku unaanza kuzungusha usukani, pua inaingia yenyewe, hata hulazimishi.

Nilivyojifunza ni hivi, na hii sijaambiwa na mtu, nimeigundua mwenyewe. Nilianza kwenye barabara za kawaida, kila nikisimama kwenye taa. Lengo: gari isimame bila shingo yangu kutikisika hata kidogo. Ile nukta ya mwisho kabla ya kusimama ndio mguu unatakiwa uwe unapungua, unapungua, unapungua. Nikawa nahesabu kwa sauti, "moja" ndio nakanyaga, kisha "mbili, tatu, nne" naachia, kila hesabu mguu unapanda kidogo. Abiria walinishangaa lakini mguu ukajifunza. Baadaye nikaingia na hesabu hiyohiyo Nordschleife, ila kule "moja" ni kali na ya haraka, na "nne" inaishia pale pua inapofika ndani ya kona. Kona ndefu unahesabu polepole, kona fupi unahesabu haraka. Mikono nayo ikatulia, nikawa nashika usukani kwa vidole kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji na hataki tone limwagike.

Nilipoona faida kubwa ni Schwedenkreuz. Kona ya kushoto ya mwendo mkali sana, inakuja ukiwa umetoka kuvuka mgongo wa barabara unaoifanya gari iwe nyepesi, na baada yake unatakiwa ufunge breki nzito kwa ajili ya kona ya Aremberg. Wengi wanaoshtuka wanashtukia katikati ya kona, wanaachia mafuta, uzito unaruka mbele, mkia unatoka, na pale hakuna nafasi ya kuurudisha. Mimi napunguza kabla ya mgongo gari ikiwa imenyooka, nagusa mafuta kidogo ili ikae sawa, navuka ikiwa imetulia, nakata mara moja tu na sibadilishi usukani tena. Ukiona unarekebisha usukani mara mbili tatu kwenye kona moja jua uliingia vibaya.

Karussell ni raha nyingine. Ni mtaro wa zege uliolala kushoto, hauoni mdomo wake ukiwa unapanda, na vipande vya zege vinagonga tumboni kwa gari gogogogo mpaka unatoka. Acha gari idondoke ndani yenyewe, mikono ilegee, gia ya pili, na usiiache itoke mapema kwa sababu inaishia na ukingo na ukiuvuka tairi za ndani zikiwa bado mtaroni gari inajipinda.

Kushusha gia kwa kugusa mafuta na ubavu wa mguu ukiwa bado uko kwenye breki, ili injini ipande mzunguko na tairi za nyuma zisikwame gia inapoingia, nadhani wengi wanajua, sitaeleza zaidi. Ila kwa gari inayosukumwa na tairi za nyuma usiingie bila kuijua.

Vioo! Gari yako ndogo, kuna mtu anakuja nyuma kwa mwendo ambao huwezi kuukadiria. Kila ukinyooka tazama nyuma, weka indiketa ya kulia, kaa kulia, mwache aende. Ukigonga vyuma vya pembeni unavilipia wewe, na bima nyingi zinakataa kabisa njia ile, kwahiyo soma mkataba wako mstari kwa mstari kabla hujaenda.

Na mvua, inaweza kunyesha Hohe Acht wakati ulikotoka ni kukavu kabisa, kwahiyo usimwamini aliyekuambia getini kwamba njia ni kavu.

Mafuta ya breki yawe mapya, ya zamani yameshanyonya unyevu, yatachemka na pedali itazama. Presha ya tairi ipime tena ukitoka kwa sababu inapanda zikipata moto. Ukifika Döttinger Höhe, ile nyoofu ndefu ya mwisho, endesha tu bila kugusa breki zipate upepo, halafu ukipaki usivute handibreki diski zikiwa za moto, weka gia ya kwanza na jiwe chini ya tairi.