Jaketi nililoachiwa na mgeni

Januari tuliposhuka kutoka kilele cha Margherita, mgeni wangu alivua jaketi lake la flisi, kile kitambaa laini cha manyoya cha kuzuia baridi, pale Nyakalengija chini ya mlima, akanikabidhi. Naongoza wageni Rwenzori mwaka wa tisa sasa, na nguo zetu nyingi za baridi tunazipata hivyo, au kwenye mitumba ya soko la Owino, Kampala. Kifuani lilikuwa na jina la Patagonia, kampuni ya nguo ya Marekani. Nikarudi Kasese, nikanunua bando, nikaanza kusoma habari za waliolitengeneza.

Sikufanya hivyo bure. Koti langu la mvua, la kampuni nyingine, lilinigharimu malipo ya safari nzima. Mwaka wa pili tu, katikati ya matope ya bonde la Bujuku, bitana ikaanza kubanduka vipande vipande. Fundi wangu wa mjini aliligeuzageuza, akanirudishia: "Hapa sindano haina kazi, ndugu yangu." Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni kama nguo inatengenezeka. Hawa Patagonia wanakarabati nguo zao na kuuza tena zilizokwisha kuvaliwa. Mwaka 2011, siku ya mauzo makubwa Marekani, walilipia tangazo kwenye gazeti la New York Times la kuwaambia watu wasinunue jaketi lao. Karakana zao ziko mbali nami, lakini hili jaketi lina mishono na zipu ambazo fundi wetu anaziweza.

Nimekulia kwenye pamba, baba akibeba pampu ya dawa mgongoni na kukohoa usiku. Kwa hiyo niliposoma kwamba mwaka 1996 walihamia pamba ya kilimo hai, isiyopuliziwa dawa za viwandani, nilifurahi kweli.

Flisi yenyewe ni plastiki, na hapo ndipo penye shida. Kampuni iligharamia utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, uliochapishwa 2016. Ukaonyesha kwamba jaketi za namna hii zikifuliwa hutoa nyuzi ndogondogo, na zilizozeeka hutoa nyingi kuliko mpya. Yaani hizi zinazotufikia sisi! Sisi tunafua mto Nyamwamba, na maji yake yanaelekea Ziwa George, tunakotoa samaki. Sasa nafulia kwenye beseni, mara chache, na maji nayamwaga shambani mbali na mto. Hilo si suluhisho, najua, maana nyuzi zinabaki udongoni.

Lakini lililonikalisha macho ni la Taiwan. Mwaka 2011 ukaguzi wa Patagonia wenyewe ulikuta kwamba kwenye viwanda vinavyowafumia vitambaa, wafanyakazi waliotoka nchi nyingine walikuwa wamewalipa mawakala maelfu ya dola ili wapate kazi, na wanatumikia deni. Hivyo vilikuwa viwanda vya vitambaa, si vile vya kushona ambavyo kampuni ilizoea kuvikagua. Ikakubali hadharani, ikaandika masharti mapya: kuanzia Juni 2015 mfanyakazi mpya asitozwe ada ya kupata kazi.

Dada yangu mkubwa aliuza ng'ombe wawili kumlipa wakala aliyempeleka kazi za ndani Uarabuni. Mwaka mzima wa kwanza mshahara uliishia kwenye deni. Mimi naipa kampuni hii heshima kwa sababu ilichimba hadi kwenye uchafu wake na haikuufukia. Hata hivyo kufikia 2011 ilikuwa na umri wa karibu miaka 40, na nguo zilikuwa zikiuzwa miaka yote hiyo.

Nilimsomea dada habari hiyo jikoni akimenya ndizi. Aliweka kisu chini, akashika mkono wa jaketi, akaupapasa.

"Na wale waliokwisha kulipa," akaniuliza, "nani aliwarudishia?"

Swali hilo sasa naliweka mbele ya lile la kama nguo inatengenezeka.